Hesabu ya Mara Saba

Vijana wa kipaimara, wanakwaya, wazazi mlioketi nyuma yao, na ninyi mnaouza dawa stendi na sokoni: neno la leo ni lenu. Fungueni Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 5, pale Naamani, jemadari wa Shamu, anaposimama na farasi na magari yake mlangoni kwa Elisha. Ni mtu mkubwa. Ameshinda vita, amekuja na fedha, dhahabu na mavazi ya zawadi, lakini ngozi yake inamtesa. Nabii hata hatoki nje. Anamtuma mtu tu amwambie akaoge Yordani mara saba. Naamani anawaka hasira. Alitarajia nabii asimame mbele yake, apunge mkono, ugonjwa utoke palepale. Aoge? Mtoni? Mara saba? Akageuza farasi, na kama si watumishi wake kumbembeleza, angerudi kwao na ngozi ileile.

Wapendwa, mimi namwona Naamani kila wiki. Ana miaka kumi na sita, amevaa sare ya shule, amesimama mbele ya kaunta ya duka la dawa. Ameinamisha kichwa ili paji la uso lisionekane. Anasema kwa sauti ya chini, “Shikamoo dada. Naomba dawa ya chunusi, ile ya kumeza, inayomaliza haraka.” Dada anamtupia jicho usoni, anafungua kopo, anamhesabia kapsuli kumi za rangi mbili kwenye kimfuko cha plastiki, anafunga fundo. Dawa haina jina wala tarehe, na mnunuzi hakuulizwa swali hata moja. Kijana anatia mfukoni, anaondoka na moyo mwepesi, kwa kuwa ameupata ule mkono wa kupunga.

Ninayo maneno makali leo, lakini kabla sijayasema nataka kulia na huyu mtoto. Chunusi zinauma. Mwenye uso laini hajui mwenzake anavyoamka saa kumi alfajiri bwenini ili awahi kioo kabla ya wengine. Hajui picha ya darasa anayoikwepa kwa kujificha nyuma ya mrefu, wala majina anayoitwa uwanjani. Zaidi ya vijana wanane kati ya kumi hupitia njia hii. Kwa wengi ni vipele vinavyokuja na kupita. Kwa wengine ni uvimbe uliojichimbia taya nzima, kifua na mgongo, unaoacha mashimo yasiyofutika. Huo ni ugonjwa, na mgonjwa hatibiwi kwa kuambiwa anajipenda mno. Nanyi mnaomwambia binti kuwa chunusi zake zitaisha akipata mwanamume, fungeni vinywa vyenu! Ni uongo, na uongo huo umewapeleka watoto wetu vichochoroni. Tubuni hilo kwanza, kisha tuendelee.

Sasa sikilizeni chunusi inavyoota. Ngozi ya uso imejaa vitundu vidogo vya vinyweleo, na kila kitundu kina tezi yake ya mafuta. Ujana ukiingia, homoni huziamsha tezi hizo, mafuta yakazidi. Seli zilizokufa, ambazo zingepukutika nje, hunata kwenye mafuta yale zikawa kizibo. Nyuma ya kizibo, penye mafuta tele na hewa haba, anastawi bakteria aitwaye Cutibacterium acnes. Yuko usoni kwangu na kwako, kwa mwenye chunusi na asiye nazo. Akizidi, mwili unashtuka na kutuma askari wake, na vita hiyo ndiyo tunayoiona kioo kinapotuonyesha uvimbe na usaha.

Kapsuli ya antibiotiki inampiga bakteria huyo, tena inatuliza uvimbe. Ni kweli, na sitalificha. Dawa za jamii ya tetrasaiklini zimetibu chunusi tangu miaka ya 1950, na hadi leo daktari wa ngozi akiona chunusi za kati au kali, mara nyingi huandika doksisaiklini, na hakosei. Nisinukuliwe kesho kuwa nimewakataza watu dawa. Ninachosema ni hiki: kapsuli haizibui kizibo, na haizimi homoni. Ukiiachia kazi yote peke yake, siku inapokwisha kizibo kiko palepale na mafuta yako palepale, na baada ya wiki chache umerudi kaunta umeinamisha kichwa tena. Kwa hiyo daktari anayeijua kazi yake hukupa kapsuli pamoja na dawa ya kupaka, na hukutajia siku ya kuiacha kapsuli: miezi mitatu, au minne, kisha akutazame upya. Na Yordani nayo ilikuwa na hesabu. Naamani hakutoka majini mara ya nne kwa sababu alichoka, wala hakuhamia mtoni akae mwaka.

Nitasema la nyumbani kwangu.

Tunaishi na binti wa dada yangu, yuko kidato cha nne. Usiku mmoja, taa zimeshazimwa, alimeza kapsuli yake kwa mate akajilaza. Asubuhi chai ilimshinda. Nilimwona ameshika kikombe kwa mikono miwili, anameza funda moja, anafumba macho, anabonyeza katikati ya kifua. Mke wangu alidhani ni vidonda vya tumbo. Zahanati, tabibu alimuuliza jambo moja tu: jana usiku ulimeza dawa gani, na maji kiasi gani? Kapsuli ilikuwa imekwama kwenye umio, ikayeyukia pale na kumuunguza. Siku nne alikula uji wa baridi kwa kijiko cha mtoto.

Tulipoinua godoro lake tukakuta vimfuko vinne vilivyofungwa fundo. Tangu kidato cha pili alikuwa akimeza. Vipele vikitoka anameza, vikinywea anaacha, vikirudi anaanza, akiishiwa anaomba kwa rafiki. Miaka miwili hiyo, wapendwa! Na uso ulikuwa mbaya kuliko alipoanza.

Kimfuko kimoja kati ya vinne nilikitambua. Ni mimi niliyempa. Zilikuwa amoksilini zangu zilizobaki nilipong'olewa jino, nilizokuwa nimezitunza kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati. Aliniambia, “Mjomba, uso unaniuma,” nami nikalishusha kopo nikampa, nikajiona mwema. Nilimpa mtoto dawa isiyo ya ugonjwa wake, kwa kipimo nisichokijua, kutoka kwenye akiba ambayo haikupaswa kuwepo. Nimemwomba Mungu msamaha, na binti nimemwomba msamaha mbele ya shangazi yake, mke wangu. Ndipo nimepata kinywa cha kusimama hapa.

Mwaka 1945, Alexander Fleming, Mskoti aliyegundua penisilini mjini London mwaka 1928, alisimama Stockholm kutoa hotuba yake ya Tuzo ya Nobel. Dunia nzima ilikuwa inamshangilia. Yeye akatumia nafasi hiyo kuonya, na akaonya kwa mfano, kama wanavyofanya wahubiri. Alisimulia habari za mtu anayeumwa koo, akajinunulia penisilini, akatumia kidogo: haikutosha kuviua vijidudu, ilitosha kuvifunza kuishinda dawa. Akamwambukiza mkewe. Mke akashikwa na kichomi, akatibiwa kwa penisilini ileile, haikufua dafu, akafa. Fleming akauliza ni nani wa kulaumiwa kwanza kwa kifo kile, akajibu mwenyewe kuwa ni mume. Wapendwa, yule mume hakumchukia mkewe. Aliumwa koo tu.

Na upande wa chunusi ushahidi upo. Miaka ya 1970 ikielekea ukingoni, madaktari walianza kukuta bakteria sugu wa chunusi kwenye nyuso za wagonjwa waliotibiwa kwa antibiotiki. Kule Leeds, Uingereza, ambako wagonjwa wa chunusi wamepimwa mwaka hadi mwaka, mwaka 1991 kiasi cha mmoja kati ya watatu alikuwa na bakteria waliokwisha kuishinda angalau antibiotiki moja. Ilipofika 1997 walikuwa karibu wawili kati ya watatu. Tena bakteria hao sugu walikutwa hata kwa watu waliokaa nyumba moja na wagonjwa. Mdogo wako mnayelala kitanda kimoja hajameza kitu, lakini usugu wako umemfikia.

Usidhani pia kuwa kapsuli inapanda usoni pekee. Inashuka tumboni, inaingia kwenye damu, inakwenda kila mahali damu inakokwenda, na kila mahali inawapiga bakteria wabaya na wema. Wanaosalia ni walioizoea. Nao hupeana usugu, kabila hili na kabila lile, kama zamani tulivyokwenda kwa jirani kuomba kaa la moto. Usugu uliozaliwa kwa sababu ya kipele cha shavuni unaweza kuibukia kwenye njia ya mkojo, kwenye kidonda cha mama aliyejifungua kwa upasuaji, kwenye damu ya mtoto mchanga. Watafiti waliochapisha hesabu zao katika jarida la The Lancet walikadiria kwamba mwaka 2019 pekee usugu wa bakteria uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyobeba mzigo mzito kuliko wote ukilinganisha na idadi ya watu. Ni sisi hao.

Doksisaiklini hiyohiyo ndiyo tunayokimbilia kipindupindu kinapoingia mtaani. Inatibu brusela, homa ile inayowapata wafugaji na wanywaji wa maziwa yasiyochemshwa. Inatibu tauni, na watu wa Lushoto, waliozika ndugu zao kwa tauni miaka ya 1980 na 1990, hawahitaji mahubiri yangu kujua thamani ya dawa inayofanya kazi.

Bibi yangu, wakati wa kuvuna, alichagua mahindi yaliyojaa vizuri, akayafunga ganda kwa ganda, akayatundika juu ya meko. Yalipigwa na moshi hadi yakawa meusi kwa masizi, na wadudu hawakuyagusa. Mwaka mmoja wa njaa tulikula maboga tu siku tatu mfululizo, sisi wajukuu tukitazama juu gizani, kwenye yale mahindi. Bibi alituona tunavyotazama. Hakuyashusha. Mvua ziliporudi alishusha yote, akayapukuchua mbele yetu, na hakuna punje iliyokwenda chunguni. Antibiotiki ni mahindi ya juu ya meko, ndugu zangu. Hayashushwi kwa sababu mtoto anatamani. Na siku ya kuyashusha ikifika, yanashushwa na anayejua yanakwenda shamba lipi.

Ninyi wauzaji, Gehazi nimewawekea ninyi. Naamani alipotakasika akarudi na zawadi, na Elisha akakataa hata shilingi. Lakini mtumishi wake Gehazi akakimbia nyuma ya gari, akatunga uongo, akachukua fedha na mavazi. Jioni ile ugonjwa wa Naamani ukamkalia yeye na uzao wake. Siwasemi wote. Nawafahamu wauzaji wa maduka ya dawa muhimu waliosomea kazi yao, wanaosema “lete cheti” hata mteja akinuna na kuhamia duka la pili. Mungu awabariki, na wateja wale awarudishe kwenu. Lakini wewe unayehesabu kapsuli kumi kwa kijana uliyemtazama usoni sekunde mbili, jua kwamba unamuuzia ugonjwa wa kesho. Ile faida ndogo unayopata ni mavazi ya Gehazi. Hebu muulize walau umri wake. Kama ni binti, muulize kama ana mimba, maana tetrasaiklini haimfai mjamzito, wala mtoto wa chini ya miaka minane, kwa kuwa huyatia meno yanayokua rangi isiyotoka.

Dada zangu, nanyi mnisamehe, lazima niguse mkorogo. Krimu nyingi za kung'arisha zina steroidi ndani yake, zimeandikwa au hazikuandikwa. Wiki za kwanza uso unakuwa laini kama wa mtoto, majirani wanasifia. Baadaye vinatoka vipele vya ukubwa mmoja, vimejipanga paji la uso na mashavu, vinawasha. Mtu anaviita chunusi, anameza antibiotiki juu yake, na jioni anapaka mkorogo uleule. Anatwanga maji kwenye kinu. Mwingine anapaka mafuta mazito kichwani, yanateremka kwenye paji la uso na kuziba vitundu, na hajui kwa nini chunusi zake zimejipanga kufuata mstari wa nywele. Kaka zetu wana vipele vya ndevu, ambavyo ni nywele zilizojikunja na kurudi ndani ya ngozi baada ya kunyolewa chini kabisa, nao wanavinunulia kapsuli! Kuna hata vipele vya fangasi wa vinyweleo kifuani na mgongoni, ambavyo antibiotiki huvinenepesha. Ndiyo maana nasema uso wako uonwe na mtaalamu kabla hujameza chochote.

Na kuna jambo limewafungia wengi kwenye kapsuli kwa miaka: madoa. Kwenye ngozi yetu nyeusi kipele kikipona kinaacha doa jeusi linaloweza kukaa miezi. Mtu anatazama kioo, anaona doa, anasema chunusi bado zipo, anaendelea kumeza. Pitisha kidole juu yake. Kama pamelala sawasawa na ngozi, haliumi, hakuna kinundu, vita imekwisha na lile ni kaburi lake tu. Antibiotiki haifuti kaburi. Doa linataka muda, kinga dhidi ya jua, na dawa ya kupaka ambayo daktari atakutajia.

Basi Yordani yenu ni ipi? Ni ya maji ya kawaida, ndiyo maana mnaidharau. Osha uso mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyo kali, bila kusugua kwa dodoki, bila kuminya kwa kucha. Kwa chunusi za kawaida kuna krimu ya benzoili peroksaidi, inayoua bakteria kwa oksijeni, na bakteria wa chunusi hawajajifunza kuishinda. Anza na kidogo, usiku mmoja ruka mmoja, kwa sababu inakausha ngozi. Na ujue kwamba itatoa rangi ya taulo lako. Kuna krimu za jamii ya retinoidi, kama adapalini, zinazozibua kile kizibo nilichowaeleza. Hizo hupakwa usiku, uso mzima, na hazipakwi ukiwa na mimba. Wiki ya tatu utasema hazifai. Hatusomi popote kwamba Naamani alipata nafuu mara ya tatu. Zipe wiki nane, zipe kumi na mbili.

Ikiwa chunusi ni kali, zinauma, zinaacha mashimo, au zimekunyima usingizi na raha ya kuwa na watu, nenda hospitali upesi, usisubiri miaka miwili kama mpwa wangu. Wataalamu wapo. Tangu 1992 pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika, na wahitimu wake wametawanyika hospitali za mikoa. Wakikuandikia doksisaiklini, imeze kwa glasi nzima ya maji ukiwa umekaa wima, usilale kwa nusu saa na zaidi. Usiimeze pamoja na maziwa, vidonge vya kuongeza damu au dawa ya kiungulia, kwa sababu huinasa isiingie mwilini. Jifunike jua, kwani dawa hii huifanya ngozi iungue haraka. Kichwa kikiuma sana na macho yakaona ukungu, acha, rudi hospitali siku hiyohiyo. Na siku uliyoambiwa uache, uache, hata kama zimebaki nne kwenye paketi na moyo unakuambia utazihitaji.

Mpwa wangu alipata daktari wa namna hiyo. Alimwandikia wiki kumi na mbili, siku 84, na krimu mbili. Binti aliitwaa kalenda ya usharika iliyokuwa sebuleni, akaitundika juu ya meza yake ya kusomea, na kila asubuhi baada ya uji alimeza kwa glasi nzima, akakata mraba mmoja kwa kalamu nyekundu. Shuleni alikwenda na kofia. Foronya yake ya buluu ikaota mabaka meupe kwa sababu ya krimu, na mke wangu hakusema neno. Wiki ya nne alilia, akasema hakuna kinachobadilika. Tuliomba pamoja, akalala. Wiki ya saba shangazi yake alimshika kidevu mlangoni, akamgeuzia kwenye mwanga, akaita, “Baba, njoo uone.”

Siku ya 84 iliangukia Jumatano. Alimeza ya mwisho, akakata mraba wa mwisho. Madoa yalikuwepo bado, uvimbe haukuwepo. Usiku akapaka krimu yake kama kawaida, kisha akavuta kiti, akapanda, akashusha kopo la maziwa ya unga kutoka juu ya kabati, akaliweka mezani mbele yangu.

“Mjomba, na hizi?”

Tulizimwaga juu ya gazeti, tukahesabu. Zilikuwa 31, za rangi sita, na kati yake nilizoweza kuzitaja kwa jina ni tano tu. Asubuhi tulizipeleka zahanati wakaziharibu. Kopo mke wangu ameliosha, anatunzia vifungo.